Nzi wa matunda, jicho na neva: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Dodoma mjini. Chupa zangu za nzi wa matunda hukaa kwenye meza ya maabara, na kila anayeziona ana la kuuliza. Wanafunzi wa Kidato cha Sita huuliza ya mtihani, wazazi huuliza ya watoto wao, wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora huuliza ya mavuno yao. Hapa nimekusanya yale yanayorudi kila mara. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi ndani yake. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari miwili.

Ni nzi yupi hasa unayemzungumzia?

Yule mdogo wa milimita mbili na nusu hivi, mwenye macho mekundu, anayezunguka ndizi zilizoiva sana jikoni na ndoo ya maganda nyuma ya genge. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster. Si yule mkubwa zaidi anayetoboa embe likiwa bado mtini. Huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kisha akasambaa hadi kwetu, na ndiye wakulima wanayemtegea mitego. Huyu wangu hana uwezo wa kutoboa tunda zima. Anafuata hamira inayoota kwenye tunda lililopasuka au lililoanza kuchacha, ndiyo maana msimu wa zabibu huonekana kwa wingi chini ya mizabibu na kuzunguka mapipa ya mvinyo. Watengeneza mvinyo wana haki ya kumchukia, maana hubeba bakteria wanaogeuza mvinyo kuwa siki.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini huko Matobo, Zimbabwe, akiishi kwa matunda ya mng'ongo, mti ule ule unaoota hapa kanda ya kati. Ametoka huku, akafuata binadamu dunia nzima, ndipo akaingia kwenye maabara za New York.

Ndiye anayeleta vikope?

Hapana. Vikope, yaani trakoma, huletwa na bakteria wa klamidia, na nzi anayesaidia kuwasambaza ni Musca sorbens, yule anayetua kwenye tongotongo na kamasi za watoto. Wenzetu wa Kongwa wanamfahamu vizuri, kwa sababu wilaya yao imefanyiwa utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980, ukiwemo ule uliochapishwa mwaka 1995 ulioonyesha faida ya kunawisha watoto uso. Nzi wa matunda hana haja na jicho la mtu. Akikutua usoni, ujue umetoka kula embe.

Kwa nini wanasayansi wamshughulikie nzi badala ya mgonjwa?

Sababu za kawaida utazikuta katika kitabu chochote: ana jozi nne tu za kromosomu, jeni zake ni takriban 14,000 na zilisomwa zote kufikia mwaka 2000, na katika nyuzi joto 25 yai huwa nzi mzima kwa siku kumi hivi. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina ndugu yake ndani ya nzi.

Sababu ninayoipenda mimi haitajwi sana. Nzi anayeishi ndani ya chupa hahitaji macho. Anakula, anapanda, anataga, anaishi maisha yake yote akiwa kipofu. Ukiharibu jeni ya moyo mnyama anakufa kabla hujamchunguza. Ukiharibu ya jicho unabaki na mnyama hai, mwenye kasoro inayoonekana kwa lenzi ya mkononi, anayeweza kukuzalia watoto wenye kasoro hiyo hiyo. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi neva zinavyojengwa, hiyo ni bahati kubwa, maana jicho ni neva tupu zilizofunikwa lenzi.

Jicho lake limejengwaje?

Kila jicho ni mkusanyiko wa vijicho vidogo viitwavyo omatidia, kati ya 750 na 800, kila moja ikiwa na lenzi yake yenye pande sita. Ndani ya omatidia mna seli nane za kupokea mwanga, zinazoitwa R1 hadi R8, pamoja na seli nne zinazotengeneza lenzi, na seli za rangi zinazozuia mwanga usivujie kwa jirani. Hizo nane ni seli za neva kamili. Kila moja inatoa aksoni, uzi mwembamba mrefu unaotoka jichoni na kuingia ubongoni.

Ujenzi unaanza nzi akiwa bado buu. Buu hana jicho la namna hii, lakini ndani yake mmekunjwa kisahani cha seli kitakachokuwa jicho na kipapasio cha nzi mzima. Akifika hatua yake ya tatu na ya mwisho, mfuo mwembamba hutokea ukingo wa nyuma wa kisahani na kuanza kusogea kwenda mbele. Fikiria safu ya wapaliliaji kwenye shamba la mtama: mbele yao ni vurugu ya majani, nyuma yao mistari imenyooka. Mbele ya mfuo seli hazijaamua chochote. Nyuma yake omatidia zimejipanga, safu mpya takriban kila saa mbili, na kazi nzima huchukua siku mbili hivi.

Ndani ya kila omatidia kuna foleni. R8 huteuliwa kwanza, kwa kazi ya jeni iitwayo atonal. Kisha zinaingia R2 na R5, halafu R3 na R4, halafu R1 na R6, na ya mwisho kabisa ni R7. Mwaka 1976 Donald Ready, Thomas Hanson na Seymour Benzer walionyesha kwamba ukoo hauna nafasi hapa. Seli haiwi R7 kwa sababu imezaliwa na seli fulani. Inakuwa R7 kwa sababu ya mahali iliposimama na ishara iliyoipata kutoka kwa majirani. Shika hilo, maana karibu kila kasoro nitakayoieleza hapa chini ni ishara iliyotumwa isipokelewe, au iliyopaswa kutumwa isitumwe.

Jeni "ikibadilika", kinachobadilika ni nini hasa?

Mfuatano wa herufi za DNA. Wakati mwingine herufi moja tu, wakati mwingine kipande kizima kinafutika, kinajirudia, au kinahamia pasipo pake. Athari yake hutegemea mahali kilipoangukia. Mabadiliko yakiwa ndani ya sehemu inayoandika protini, protini inaweza kutoka mbovu au isitoke kabisa. Yakiwa kwenye sehemu inayoamua jeni iwake wapi na lini, protini inabaki nzima lakini inakosekana mahali fulani tu.

Mfano mzuri ni nzi wa aina ya eyeless anayetunzwa katika maabara nyingi. Kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kilijichomeka kwenye ile sehemu inayoiwasha jeni hiyo jichoni. Kwa hiyo jicho linapungua au kutoweka, huku sehemu nyingine za mwili zinazoitumia jeni hiyo hiyo zikiendelea na kazi. Wanafunzi wengi wanadhani mabadiliko ya jeni lazima yaguse mwili mzima. Si lazima.

Mtaona majina ya jeni za nzi yanachanganya: kwa kawaida jeni hupewa jina la kasoro inayotokea ikiharibika. Eyeless ikiwa nzima ndiyo inayosaidia kujenga jicho.

Mabadiliko hayo wanayapataje? Wanasubiri tu?

Thomas Hunt Morgan, yule wa nzi wa macho meupe nitakayemweleza hapa chini, alisubiri. Mwanafunzi wake wa zamani, Hermann Muller, hakutaka kusubiri: mwaka 1927 alionyesha kwamba eksirei huongeza mabadiliko maradufu kwa maradufu, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Baadaye zikaja kemikali, kisha DNA zinazohamahama, na siku hizi CRISPR, inayomwezesha mtafiti kuchagua jeni anayoitaka na kuikata hapo hapo. Kuna pia mbinu ya kumfanya nzi awe na jeni mbovu jichoni peke yake huku mwili uliobaki ukiwa mzima. Kwa jeni ambazo nzi hawezi kuishi bila kuwa nazo, hiyo ndiyo njia inayotumika sana.

Mtihani unapenda nzi wa macho meupe. Naye ana kasoro ya neva?

Mwaka 1910, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Morgan alipata dume mmoja mwenye macho meupe. Alimpandisha na majike wa macho mekundu. Kizazi cha kwanza karibu wote wakawa wekundu. Kizazi cha pili alihesabu majike wekundu 2,459, madume wekundu 1,011 na madume weupe 782. Hakuna jike mweupe hata mmoja. Hivyo ndivyo jeni ya white ilivyofungwa kwenye kromosomu X, na hapo ndipo vitabu vingi vya shule hufunga mjadala. Kwa maoni yangu wanafunga mapema mno.

Kazi ya protini ya white ni kuingiza ndani ya seli malighafi za rangi mbili za jicho, nyekundu na ya kahawia. Ikikosekana, hakuna rangi. Lakini pasua jicho hilo uangalie kwa hadubini: omatidia zipo, R1 hadi R8 zipo, aksoni zimefika ubongoni. Ujenzi umekamilika. Tatizo ni kwamba hakuna kinachozuia mwanga kuvuka kutoka omatidia moja kwenda nyingine, kwa hiyo nzi anapata mwanga mwingi na picha mbaya. Ukiulizwa kama white inavuruga mpangilio wa neva za jicho, jibu ni hapana, na ukiliandika hivyo kwa sababu hizi utakuwa umejibu kuliko kitabu.

Basi nzi huyo ni sawa na mtu mwenye ualbino?

Swali hili huja kila mwaka, na nalipenda, kwa sababu jibu la haraka linapotosha.

Kwanza urithi wenyewe ni tofauti. White iko kwenye kromosomu X. Ualbino unaowapata watu wengi kwetu hutokana na jeni iitwayo OCA2, ambayo haiko kwenye X. Mtoto anaupata akipokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa na rangi ya kawaida. Hesabu inayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja kati ya 1,400.

Pili, na hapa ndipo penye utamu, rangi ya mwanadamu inafanya kazi ambayo rangi ya nzi haifanyi. Melanini nyuma ya retina inahitajika wakati jicho la mtoto linajengwa tumboni. Ikikosekana, kile kidoa cha katikati ya retina kinachotupa uoni mkali hakikamiliki. Tena, nyuzi za neva za macho zinapokutana chini ya ubongo, nyingi kuliko kawaida huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo mtu mwenye ualbino haoni hafifu kwa sababu ya mwanga mkali peke yake. Nyaya zenyewe zimepita njia nyingine. Ndiyo maana miwani inasaidia lakini haimalizi tatizo, na ndiyo maana mwanafunzi huyo anatakiwa kukaa dawati la mbele na kupewa maandishi makubwa, bila kuambiwa aongeze bidii ya kutazama.

Darasani kwangu haturuhusu kumwita nzi huyo "albino". Ni kosa la kibiolojia kabla hata ya kuwa kosa la adabu.

Ni kasoro gani ya jicho unayoona inafundisha zaidi?

Sevenless, bila kusita.

Nzi wa kawaida akipewa kuchagua kati ya mwanga wa kijani na mionzi ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni, hukimbilia urujuanimno. Katika maabara ya Benzer huko California, miaka ya 1970, walipatikana nzi waliokimbilia kijani. Kwa nje macho yao yalikuwa karibu ya kawaida. Ndani, katika kila omatidia, seli moja haikuwepo: R7, ile inayopokea urujuanimno.

Haikufa. Seli iliyopaswa kuwa R7 ilikuwepo mahali pake, ila iligeuka kuwa mojawapo ya seli zinazotengeneza lenzi. Jeni ya sevenless hutengeneza kipokezi kinachokaa juu ya ngozi ya seli hiyo. Jirani yake R8 anayo protini nyingine, Boss, inayoshikana na kipokezi hicho pale seli mbili zinapogusana. Zikishikana, ishara inaingia ndani, inapita kwa protini iitwayo Ras na wenzake kadhaa, hadi kwenye kiini, na seli inaamua kuwa neva. Bila ishara, inabaki upande wa lenzi.

Sasa fikiria: ukiharibu Boss badala ya sevenless, matokeo ni yale yale, R7 inatoweka. Seli iliyopotea haina kosa lolote, jeni yake ni nzima. Mbovu ni jirani aliyetakiwa kuiita. Naona wanafunzi wakilielewa hili, wanaacha kabisa kusema "jeni ya R7".

Na ile Ras? Ni ile ile ambayo kwa binadamu, ikibadilika ikabaki imewaka muda wote, huchangia saratani nyingi, hasa ya kongosho. Mpangilio wa nani anamwasha nani katika njia hiyo ulifumbuliwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakihesabu seli za jicho la nzi.

Jicho likikosekana, ubongo unabaki na sehemu tupu?

Hapana, sehemu hiyo haijengwi. Kama kuna jambo moja ningependa ulichukue hapa, ni hili.

Zaidi ya nusu ya seli za neva katika ubongo wa nzi hushughulika na kuona. Ramani kamili ya ubongo wa jike mmoja ilichapishwa mwaka 2024, ikihesabu seli takriban 139,000. Tabaka la kwanza linalopokea aksoni za jicho linaitwa lamina. Seli zitakazoijenga zipo mapema, lakini husimama bila kugawanyika mara ya mwisho hadi aksoni zifike. Aksoni zinakuja na protini iitwayo Hedgehog, na ndiyo inayozifungulia zigawanyike. Kisha protini ya pili, Spitz, kutoka kwenye aksoni hizo hizo, huziambia zikomae kuwa neva. Kazi hii ilichapishwa na Zhen Huang na Sam Kunes kuanzia mwaka 1996.

Kwa utaratibu huo ubongo haujengi zaidi ya mahitaji wala pungufu: kila safu mpya ya omatidia inayozaliwa jichoni inaleta aksoni zake, na aksoni hizo zinaamsha sehemu yao ya lamina. Nzi ambaye kwa mabadiliko ya jeni hana jicho la kushoto hana lamina ya kushoto, ingawa jeni za lamina hazina hitilafu yoyote. Tabaka la ndani zaidi, medula, linakuwepo lakini limenyauka.

Upande wa pili nao unadai haki yake. Kuna kasoro iitwayo disconnected, ambamo jicho linajengwa vizuri lakini mara nyingi haliunganishwi na ubongo. Nzi akishatoka kwenye pupa, seli za jicho hilo huanza kufa kidogo kidogo. Jicho linaamsha ubongo uzaliwe, na ubongo unaliweka jicho hai.

Njia zenyewe za aksoni zinastahili neno. R1 hadi R6 hukomea kwenye lamina. R7 na R8 hupita moja kwa moja hadi medula, kila moja kwenye kina chake. Zile sita haziendi pamoja: ndani ya omatidia moja kila mojawapo inatazama upande tofauti kidogo, kwa hiyo zinatawanyika, na katika kila kituo cha lamina zinakutana sita kutoka omatidia sita jirani zinazotazama nukta moja. Mwanafunzi akiichora hii bila kukosea nampa alama zake na soda.

Neva zikizidi, si nzi atakuwa na akili zaidi?

Angalia nzi asiye na jeni iitwayo Notch kabisa. Miaka ya 1930 Donald Poulson aliwachunguza viinitete hao na kukuta seli zilizopaswa kuwa ngozi zimegeuka kuwa neva. Mfumo wa neva umevimba, ngozi imekosekana, na kiinitete kinafia ndani ya yai.

Notch ni njia ya seli kuzuiana. Katika kundi la seli ambazo zote zingeweza kuwa neva, ile inayotangulia huwazuia majirani kupitia protini iitwayo Delta, na majirani wanashika kazi nyingine. Jichoni, ndivyo R8 moja inavyopatikana katika kila omatidia. Ukiizima Notch wakati mfuo unapita, zinatokea R8 kadhaa zimebanana. Binadamu ana Notch nne; mabadiliko katika NOTCH3 huleta ugonjwa wa kurithi wa mishipa midogo ya damu ya ubongo, wenye kiharusi katika umri usio mkubwa.

Ni kweli walitengeneza nzi mwenye macho miguuni?

Kweli, Basel, Uswisi, mwaka 1995. Georg Halder, Patrick Callaerts na Walter Gehring waliiwasha jeni ya eyeless mahali isipowaka kawaida, na macho yakaota kwenye mabawa, miguu na vipapasio. Walipotumia jeni ndugu ya panya, lilitokea jicho tena, na lilikuwa jicho la nzi, kwa kuwa jeni hiyo inatoa amri ya kuanza na nzi anaitekeleza kwa vifaa vyake.

Magazeti yaliiita jeni ya jicho. Neno hilo linanikera kidogo. Eyeless haifanyi kazi peke yake. Inahitaji sine oculis, eyes absent na nyingine, ambazo nazo huirudia na kuiwasha. Isitoshe, inahitajika katika sehemu za ubongo ambazo hazihusiki na kuona, zikiwemo zile zinazotunza kumbukumbu ya harufu.

Mwalimu, mjukuu wangu amezaliwa mboni kubwa nyeusi, macho hayatulii, jua linamuumiza. Ni mambo haya ya jeni?

Bibi, inawezekana, lakini mimi si daktari. Mpelekeni kliniki ya macho mapema, msisubiri akue. Ndugu ya eyeless kwa binadamu anaitwa PAX6. Mtoto mwenye nakala moja mbovu anaweza kuzaliwa bila ule mduara wa rangi unaoizunguka mboni. Mara nyingi retina yake pia haijakomaa vizuri, na baadaye anaweza kupata mtoto wa jicho au presha ya macho, ndiyo maana anahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Mwambieni daktari aangalie na figo, kwa sababu kipande cha kromosomu kikiwa kimefutika pamoja na jeni jirani, uvimbe wa saratani ya figo unaweza kutokea utotoni.

Mama yake hakufanya kosa lolote. Hakula kitu, hakutazama kitu. Mara nyingine mabadiliko hutokea upya kabisa, wazazi wote wakiwa wazima.

Na kwa wazazi wote: mboni ya mtoto ikionekana na weupe ndani, hasa kwenye picha ya simu yenye mwako, hiyo ni safari ya hospitali ya wiki hii.

Nzi wangu wa Julai na wa Novemba wana macho tofauti, na ni ukoo mmoja. Vipi?

Kama ni wale wa aina ya Bar, ni kawaida. Bar hutokana na kipande cha kromosomu X kilichojirudia, na jicho lao ni ufito mwembamba wenye omatidia chache. Idadi hiyo inashuka kadiri joto linavyopanda wakati wa ukuaji. Usiku wa Julai wa Dodoma ni wa koti, mchana wa Novemba unajulikana. Kwa hiyo andika halijoto kila siku kabla ya kulinganisha hesabu na mwenzako wa shule nyingine.

Nawafuga vipi bila vifaa vya gharama?

Uji mzito wa unga wa mahindi, sukari, hamira, na agaa kidogo ikipatikana. Mimina kwenye chupa safi, uache upoe, ziba kwa sifongo au pamba. Ziweke kivulini: joto likidumu nyuzi 30 na zaidi, madume huwa tasa, na chupa iliyosahaulika juani mchana mmoja imekwisha. Kuwachunguza, waweke juu ya barafu, wanalala, hawafi.

Wakitoroka wataambukiza wenzao wa sokoni?

Mabadiliko ya jeni hayaambukizi. Mtorokaji kipofu atazaliana akibahatika, lakini kumpata mwenza na chakula nje ya chupa ni kazi nyingine. Hata hivyo, chupa zilizokwisha hukaa kwenye friza usiku kucha kabla ya kuoshwa.

Naweza kumpata nzi mwenye jicho lililobadilika hapa hapa nyumbani?

Unaweza, ukiwa na subira. Weka ndizi iliyoiva kwenye chupa yenye mdomo wa karatasi iliyokunjwa kama koni, kusanya, laza kwenye barafu, tazama kwa lenzi. Karibu wote watakuwa na macho mekundu ya tofali. Tafuta jicho la rangi nyingine, dogo kuliko la upande wa pili, au lenye uso wa mikwaruzo ambapo omatidia zimepotea safu. Anza na madume, wale wenye ncha nyeusi ya tumbo: wana X moja, kwa hiyo jeni mbovu iliyo juu yake haina nakala nzima ya kuificha. Ukimpata, usimuue kwanza. Mpandishe na majike ambao bado hawajapandwa, waliotoka kwenye pupa ndani ya saa nane, kisha subiri vizazi viwili uone kama kasoro inarudi. Nyingine huwa ni jeraha tu la kubanwa na pamba.